Mjadala: Mkesha wa Desemba 31 unaibeba Noeli hadi Januari, au unaimaliza?

Mleta mada
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naiweka hoja mezani kabla wazee hawajapitisha bajeti ya mwisho wa mwaka. Desemba 25 viti vya plastiki vinafika hadi uani. Desemba 31 watu wanasimama madirishani. Jumapili ya pili ya Januari mabenchi ya nyuma ni matupu. Napendekeza mkesha uwe wa saa mbili tu, saa nne usiku hadi saa sita, na fedha ya turubai, jenereta na spika za kukodi iende Januari: kutembelea nyumba na kununua Biblia kwa wasio nazo. Anayepinga aseme anapinga kipi hasa. "Ni mapokeo yetu" peke yake haitoshi.

Mwinjilisti wa Nyanda za Juu
Mtumishi, mapokeo usiyarushe upesi hivyo. Mkesha wa mwaka tunaoujua umetoka kwa Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1733. John Wesley akaupokea 1740 kwa wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, Uingereza, watu waliozoea kumalizia usiku kwenye pombe. Lakini angalia kilichotangulia: Herrnhut hiyohiyo ilikuwa imeshachapa kitabu cha neno la kila siku tangu 1731. Aliyekesha alikuwa na andiko la kuamkia kesho yake. Na Wesley mwaka 1755 akaongeza ibada ya agano, ambayo Wamethodisti hadi leo huifanya mwaka unapoanza. Sisi tumechukua usiku, asubuhi tumeiacha.

Kwa hiyo saa usizikate, badilisha kinachozijaza. Muda unaliwa na shuhuda: watu 30 kwa dakika 5 ni saa mbili na nusu. Weka watu 8, dakika 3 kila mmoja, na mzee mmoja mwenye saa mkononi akae mbele. Neno lihubiriwe mapema na liishe saa tano na robo. Mhubiri anayepanda madhabahuni saa sita kasoro dakika ishirini atakatizwa na honi na fataki, na hakuna atakayekumbuka alichosema. Robo saa ya mwisho kila nyumba ipewe karatasi yenye vitu vitatu: andiko la mwaka, mpango wa kusoma, na jina la nyumba itakayoitembelea kabla ya Januari 15. Bila hilo jina, karatasi inaishia kwenye droo.

Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Mnagombania usiku mmoja na Noeli yenyewe bado haijaisha! Kwa kalenda yetu, mwaka 2026 Epifania, sikukuu ya Mamajusi kumfikia mtoto Yesu, ni Jumapili Januari 4, Ubatizo wa Bwana ni Januari 11, na hapo ndipo kipindi cha Noeli kinafungwa. Kosa kubwa ni kuvunja pango, ile sanamu ya hori la Bethlehemu, Desemba 27 eti sikukuu imepita. Ukilivunja umewaambia watoto kwamba habari imekwisha.

Fanyeni hivi: Mamajusi wasiwekwe pangoni Desemba 25. Waanzie mlangoni au juu ya kabati, na kila jioni mtoto awasogeze hatua moja hadi Epifania, mkisoma Mathayo 2 kidogokidogo. Desemba 26 someni habari ya Stefano aliyepigwa mawe. Desemba 28, Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, muombee watoto walio wagonjwa mtaani. Msiziruke siku hizo mbili eti zina damu. Kanisa limeziweka kando ya hori makusudi. Januari 1 ni Maria Mama wa Mungu, na tangu 1968 ni siku ya kuombea amani duniani pia.

Siku 21
Shalom. Kalenda ni nzuri kwa walioizoea. Kwetu kinachoshika watu ni mfungo wa siku 21: tunaanza Jumatatu Januari 5, tunamaliza Jumapili Januari 25, maombi kila jioni saa 11 hadi saa 1. Danieli 10:2-3, majuma matatu kamili. Mtu aliyekuja kanisani siku 21 mfululizo hapotei Februari. Na tunafungua mwaka kwa malimbuko, yaani mshahara wa Januari unatolewa sadaka, Mungu awe wa kwanza hata mfukoni.

Katekista
Kufunga sipingi, ila sisi bwana arusi bado yuko nasi, Mathayo 9:15. Kwaresima inaanza Februari 18, tutafunga wote tushibe. Hilo la malimbuko namwachia mhazini.

Mhazini
Na mhazini anasema wazi: kudai mshahara wote wa Januari ni kulisoma andiko nusu. Walawi 23:10 inataja mganda, mganda mmoja, shamba zima halitajwi. Kumbukumbu la Torati 26 inataja kikapu, na mstari wa 11 unamtaka mtoaji afurahi pamoja na nyumba yake, Mlawi na mgeni. Nyumba isiyo na unga itafurahije? Isitoshe, malimbuko hufuata mavuno. Mbeya mahindi huvunwa katikati ya mwaka. Januari shamba ni palizi na deni la mbolea.

Hesabu ya mfano: mshahara 600,000, kodi ya miezi mitatu 240,000, sare na madaftari ya watoto wawili 150,000. Zimebaki 210,000 za kula na nauli katika mwezi dume. Akizitoa zote, Februari anakopa, na akishakopa kwa mwenzake wa kwaya anaona aibu kuja mazoezini. Hapo ndipo mnapompoteza, halafu mnasema amepoa kiroho.

Siku 21
Mhazini, hatumlazimishi mtu. Anatoa kwa imani.

Mhazini
Bahasha yenye jina na orodha inayosomwa mbele ya watu ni kulazimisha kwa adabu. Ondoeni majina, wekeni sanduku, muone nani anatoa kwa imani.

Nesi
Samahani nakatiza. Mkitangaza mfungo, tangazeni na hili siku hiyohiyo. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge kabla ya kuongea na kliniki yake. Akitetemeka, akitoka jasho jingi au akichanganyikiwa, apewe kitu cha sukari papo hapo. Kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L au kupita 16.7, mfungo umeisha siku hiyo. Wajawazito na wanaonyonyesha wasifunge kukaukia, bila hata maji. Dawa za TB na ARV haziachwi hata siku moja. Saa ya kunywa ipangwe na kliniki, sio na kiongozi wa maombi. Kufungulia ni uji mwepesi, supu au papai. Pilau la kushindilia juu ya tumbo tupu ndilo linalowaangusha watu halafu tunasingizia mapepo.

Danieli mwenyewe aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Haikuandikwa kwamba aliacha maji.

Msomaji wa Kisumu
Huku kwetu twaiita Njaanuari, kwa hivyo Mhazini naunga mkono. Nataka kuongeza juu ya mpango wa kusoma, maana wengi huanza na Biblia nzima na kukwama. Sura ni 1,189: tatu kila siku na tano Jumapili. Mwanzo na Kutoka ni sura 90, basi mwisho wa Januari uko kwenye sheria za sadaka za Walawi, karo haijalipwa, na unafunga kitabu. Anza na Injili nne, sura 89. Sura moja kwa siku kutoka Januari 1 inakufikisha Machi 30, Jumatatu ya Juma Kuu. Anayetaka Agano Jipya lote ana sura 260, yaani siku tano kwa wiki, mwaka mzima, na wikendi ya kufidia alizoruka.

Kingine ni jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji mwaka 1976, ila wengi tunazifufua tu wakati wa michango. Mnaotumia hatua saba za Lumko za kusoma Biblia kwa pamoja, angalieni ya sita: jumuiya itafanya nini, nani, lini. Ndiyo inayorukwa kwa sababu jua limepanda na watu wana haraka. Ikirukwa, mmesoma tu mkaachana.

Mleta mada
Nimesikia. Nabadilisha hoja: saa za mkesha zibaki, shuhuda ziwe 8, karatasi zitolewe, pango likae hadi Januari 11. Turubai silikubali bado.

Mwinjilisti wa Nyanda za Juu
Mzee wangu, Desemba huku ni msimu wa mvua. Bila turubai utahubiria benchi.