Mrejesho: Johnny B. Goode kwa gitare bila baré, sasa inapigika (karibu yote)

Aksanti sana bandugu mulionijibu. Kwa wenye wanafika sasa, niliuliza namna ya kupiga hii wimbo ya Chuck Berry ya 1958 bila baré (kidole kimoja kubana kamba zote), vidole viliniuma mbaya. Nilifata shauri ya yule yaya (mukubwa wetu) wa Katuba: akordi za La, Re na Mi basi, kapo (kibanio cha kamba) kwenye kesi ya 1 (kesi ni nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitare), sababu rekodi yenyewe iko Si bemol, nusu toni juu ya La, na ikaingia palepale! Ritimu nayo, ukiwa kwenye La unaacha kamba ya 5 wazi, kwenye ya 4 unatoka kesi 2 unaenda 4 unarudi, unahesabia toka kapo. Metronomu (kamashine ka kuhesabia mapigo) hapana, inanichosha, napunguza tu mwendo wa rekodi kwenye telefone. Solo ya kuanza, ile ya kamba mbili pamoja, bado inanishinda, hata majirani wa parseli wanajua.