Séamus Ennis wa Ireland: zumari la mfuko lilimlisha kweli au alikuwa na kazi nyingine?

pwani_sauti
Habari zenu wakuu. Mi ni mpenzi sana wa miziki ya asili ya watu wengine, usiku nikishamaliza shughuli zangu nazama yutyubu natafuta wazee wa zamani. Sasa nimekutana na mzee wa Ireland anaitwa Séamus Ennis anapiga lile zumari lao la mfuko, na sio lile la Waskoti tunaloliona kwenye magwaride, hili analipiga akiwa amekaa na wala halipulizi kwa mdomo, sauti yake ya chini, tamu, mpaka unasimamisha unachofanya. Nikaanza kumsoma nikachanganyikiwa kabisa. Sehemu moja wanasema alikuwa mwajiriwa wa tume ya serikali, nyingine mtangazaji wa BBC, nyingine wanasema miaka ya mwisho aliishi kwenye karavani. Mtu huyo huyo! Anayejua anieleweshe tafadhali, alikuwa mwanamuziki au muziki ulikuwa wa pembeni? Na je kule mtu anaweza kuishi kwa hiyo paipu peke yake? Nauliza kwa sababu mjomba wangu anapiga zumari kwenye maharusi huku Tanga na kila siku nyumbani ni ubishi kama ile ni kazi au sio kazi.

msomaji_mkongwe
Yote uliyosoma ni kweli mkuu, ila yamekufikia shaghalabaghala, ngoja nikupangie.

Ennis kazaliwa 1919 Finglas, kaskazini ya Dublin. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali na mpiga paipu mzuri, na zumari lake alilipata London mwaka 1908 kwenye duka la rehani, vipande vipande ndani ya gunia, kumbe ni kazi ya fundi Coyne wa Thomas Street, Dublin, ya karne ya 19. Hilo ndo Séamus alikuja kurithi. Mwaka 1938 akapata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha Colm Ó Lochlainn, mtu aliyekuwa anachapa nyimbo za asili, na pale akajifunza kitu kilichombeba maisha yake yote, yani kusikia wimbo na kuuandika nota kwa mkono. Vita vikaja, kila kitu kikawa kwa mgao, uchapaji ukayumba. 1942, akiwa na miaka 23, ile tume ya serikali ya kukusanya hadithi za kale na mila ikamchukua, wakampa kalamu, karatasi, baiskeli na pauni 3 kwa wiki. Basi. Nenda ukawaletee nyimbo.

Na akaenda, miaka mitano, Connemara, Mayo, Donegal, Kerry, visiwa vya Aran mpaka vya Waskoti. Watu wanamjua kwa zumari lakini mi naona kazi yake kubwa ni hii. Kuna mzee wa Glinsk kule Connemara, Colm Ó Caodháin, mkulima na mvuvi, Ennis alichota kwake zaidi ya nyimbo na vipande 200! Mtu mmoja! Fikiria ni vikao vingapi hivyo, mzee anaimba ubeti baada ya ubeti we unaandika maneno, alafu unarudi tena kunasa sauti, alafu unaandika kwa usafi. Tume ilikuwa na mashine za kurekodi kwenye silinda za nta ila silinda zenyewe zilikuwa zinakwanguliwa zitumike tena, kwa hiyo sauti ya aliyeimba inapotea kinabaki kilichoandikwa. Sikio lake ndo lilikuwa mashine. Na hakuwa anaingia kwa watu kama afisa, aliongea Kiairishi kwa lafudhi ya pale alipofika, akitakiwa apige zumari anapiga, kazi za nyumbani zikiwepo anashika. Bibi Elizabeth Cronin wa Ballyvourney alikuwa anaziandika nyimbo zake mapema ili Ennis akifika ampe makaratasi waanze maongezi.

1947 akaenda redio ya taifa kama ofisa wa kurekodi nje ya studio, 1951 BBC wakamchukua London arekodi muziki wa asili wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, na kipindi chake cha redio kikapendwa sana. 1958 mkataba haukuendelea, akarudi kwao. Kuanzia hapo hakuna tena mshahara wa kueleweka, ni kipindi hiki redioni, onesho lile, mwaliko pale. Nchi ilimtupa mkono mzee huyu, nasema wazi.

Binti_Henrietta
Mkongwe umeeleza vizuri ila hapo mwisho sikubaliani na wewe. Mi naishi Dublin miaka sasa na hawa wapiga paipu nawafuatilia. Ennis hakusahaulika, mwaka 1968 wapiga paipu walipounda chama chao Na Píobairí Uilleann yeye alikuwa katikati yao, miaka ya 70 alikaa nyumba moja na Liam O'Flynn aliyekuwa kijana wake kwenye fani. Alafu 1975 akahamia Naul, mashamba ambayo ukoo wake ulitokea, akaweka karavani lake pale na watu wakawa wanamfuata kusikiliza na kujifunza. Alipiga mpaka mwaka aliofariki, 1982. Pesa hakuwa nazo, hilo kweli, na inauma, ila tusimfanye ombaomba.

Sasa swali la pwani_sauti kama mtu anaweza kuishi kwa paipu peke yake. Ndugu yangu mwangalie Leo Rowsome. Huyu alianza kufundisha paipu kwenye shule ya muziki ya manispaa ya Dublin akiwa bado kijana mdogo, akafundisha karibu miaka 50 mpaka alipofariki 1970, na mbali na hapo anatengeneza mazumari, anakarabati, anapiga redioni. O'Flynn mwenyewe alipita mikononi kwake. Huyo aliishi kwa paipu, mwanzo mwisho.

Na kuna njia ya tatu, Johnny Doran, yeye alitoka kwenye jamii ya wasafiri wa Ireland, anazunguka na familia kwenye gari la farasi, kwenye gulio anapiga, kwenye mashindano ya farasi anapiga, watu wanatoa hela. Willie Clancy wa Clare alimsikia hivyo hivyo barabarani na ndo akalitaka zumari. Mwaka 1947 ile tume ikamrekodi Dublin, na afadhali walifanya haraka maana mwanzoni mwa 1948 ukuta ulianguka juu ya gari lake akapooza, 1950 akafariki. Tungechelewa mwaka tu tusingekuwa na kitu.

Kwa hiyo mwambie mjomba ni kazi!! Ila kazi yenye milango mingi.

Wa_Muscat
Huku Oman tunayo mengi ya Kiskoti kwenye bendi za jeshi, wapo mpaka wanaopiga juu ya ngamia, kwa hiyo nilidhani nayajua. Nimeenda kumsikiliza huyu Ennis baada ya kusoma hapa, wallahi ni kitu kingine. Sasa hewa inatoka wapi kama hapulizi?

msomaji_mkongwe
Mivukuto kaka. Amejifunga mivukuto kiunoni anaibana kwa kiwiko cha kulia, hewa inaingia kwenye mfuko wa ngozi ulio chini ya kwapa la kushoto, kutoka hapo inagawanyika. Bomba la vidole linatoa wimbo, na akitaka kulikata sauti analigandamiza kwenye paja, ndo maana anakaa. Mabomba matatu yanavuma sauti moja bila kukoma. Alafu kuna mengine matatu yana funguo za chuma, hayo anayagonga kwa ubavu wa kiganja huku vidole vinaendelea na wimbo. Zile ndimi zinazotoa sauti zinachongwa kwa tete, hewa ikiwa kavu zinagoma, ikiwa na unyevu zinagoma. Wenyewe wanasema miaka 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi, 7 ya kupiga, 21 jumla ndo uitwe mpigaji.

pwani_sauti
Jamani ahsanteni, nimemsomea mjomba yote, kafurahi hapo kwenye ndimi za tete, anasema hao ni ndugu zake. Anauliza zumari la Ennis liko wapi leo? Na kijana wa leo anaanzia wapi?

Binti_Henrietta
Alimwachia Liam O'Flynn kwenye wosia. Na O'Flynn ndo aliyeifikisha hiyo paipu mbali, 1972 wakaanza na kundi la Planxty akiwa kakaa na paipu yake katikati ya magitaa, baadae akapiga mbele ya okestra nzima kwenye kazi ya mtunzi Shaun Davey, akafanya maonesho dunia nzima. Kafariki 2018. Mwaka mmoja kabla yake, 2017, UNESCO waliingiza upigaji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kijana wa leo anaanza na seti ya mazoezi, ni mivukuto, mfuko na bomba la vidole tu, mengine yanaongezwa mbele ya safari. Chama kina mpango wa kuazimisha seti kwa wanaoanza, ofisi zao ziko Henrietta Street namba 15 na masomo mengine wanayatoa mtandaoni. Akishaiva ndo aagize seti kamili, na aagize mapema, mafundi ni wachache, kwa wengine foleni ni ya miaka.