Nianzie wapi ili nifike kwenye utungaji wa sera za familia na wazee?

Mdau wa Moshi
Wakuu, habari za humu. Nipo Moshi, namaliza shahada ya maendeleo ya jamii mwaka huu. Nataka utumishi wa umma, ila upande wa sera: familia, wazee wasiojiweza, watu wenye ulemavu. Matangazo yote ninayoyaona ni Afisa Maendeleo au Afisa Ustawi wa Jamii. "Afisa sera" sijamwona popote. Kazi hiyo anaifanya nani hasa?

Kibo Kaskazini
Mdogo wangu, humwoni kwa sababu kazi yenyewe imegawanywa. Kila wizara ina Idara ya Sera na Mipango, na humo wengi ni wachumi. Tangazo lao husema Mchumi Daraja la II. Maudhui yanatoka idara ya kisekta, yaani ile inayosimamia jambo lenyewe. Tangu Januari 2022 familia, watoto na wazee wako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, lakini masuala ya watu wenye ulemavu yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Wengi huchanganya hapo, wakapeleka andiko zuri mlango usio wake. Rasimu ikishapita kwa wadau inageuzwa waraka, inajadiliwa na makatibu wakuu, ndipo inafika Baraza la Mawaziri.

Kwa shahada yako mlango ulio wazi ni halmashauri. Usiudharau. Ahadi ya sera inakwama kwenye kata, na anayejua imekwama wapi ndiye mwenye cha kusema rasimu inapoandikwa.

Mama Tengeru
Naongezea kuhusu kada. Maendeleo na ustawi si kitu kimoja. Ustawi anashika matunzo ya mtoto, malezi ya kambo, migogoro ya ndoa, mzee aliyetelekezwa. Maendeleo anashika vikundi, mikopo na uhamasishaji. Soma mstari wa sifa neno kwa neno, maana mfumo hauangalii moyo wako, unaangalia jina la fani kwenye cheti.

Maombi yanapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Andaa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vilivyothibitishwa na wakili, na barua iliyosainiwa. Wanaoachwa mapema ni walioweka "statement of results" badala ya cheti chenyewe, au majina yao yanatofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na NIDA. Rekebisha majina sasa, usisubiri tangazo, kwa sababu dirisha la maombi ni fupi. Baada ya hapo kuna mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano.

Mdau wa Moshi
Asante mama, asante kaka. Kwenye huo mtihani na hata kazini, nisome nini zaidi ya madaftari ya chuo?

Kibo Kaskazini
Soma sera na sheria zikiwa pamoja, ujue tofauti yake. Sera ya Maendeleo ya Mtoto ni ya 2008, na Sheria ya Mtoto ikafuata 2009, ikaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto. Upande wa ulemavu sera ni ya 2004 na sheria ni ya 2010. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Sasa tazama Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Ilitamka matibabu bila malipo kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, lakini kwa miaka mingi Bara haikuwa na sheria ya wazee nyuma yake. Matokeo yake mzee ana kitambulisho, dirisha la wazee lipo, dawa anaandikiwa akanunue nje. Zanzibar walikwenda njia nyingine: Aprili 2016 walianza pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, bila kuuliza kama alichangia mfuko. Ukiweza kueleza kwa nini mipango hii miwili ni tofauti, umeshaanza kufikiri kisera.

Mama Tengeru
Na ujifunze bajeti, mwanangu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini halmashauri huandaa mpango miezi mingi kabla. Takwimu zako zikifika Machi umechelewa. Ukiandika "kusaidia wazee" fungu linakatwa la kwanza. Andika idadi, bei na chanzo. Chukua mfano wa CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita: kaya 400 za wazee ni milioni 12. Diwani anaweza kuitetea namba hiyo kwenye baraza. Orodha yenyewe iwe imepitishwa na mkutano wa mtaa au kijiji, yenye umri, ulemavu na anayemtunza mzee, la sivyo mkaguzi ataikataa na mwakani hutapewa kitu.

Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina fungu la mzee. Anzia hapo andiko lako la kwanza.