Sufuria ya kupanda nayo mlimani: titani, alumini au stenlesi?

KijanaWaChamwino:
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa saba tuko wanne tunataka kupanda Hanang kutokea Katesh, tunalala juu usiku mmoja, mwakani Mungu akipenda Kilimanjaro. Baridi ya Dodoma ya mwezi huo tunaijua ila ya kule naambiwa ni habari nyingine. Shida yangu vyombo. Titani mtandaoni bei inatisha, alumini zimejaa soko la Majengo, na mama anasema nibebe tu stenlesi ya nyumbani niache mbwembwe. Jiko ni la gesi ya kopo. Ipi?

Mgumu_Mstaafu:
Dogo kabla ya sufuria niambie mnakula nini. Mimi nimepika sana mlimani, mpishi wa kundi anabeba masufuria ya alumini yale yale ya mama ntilie, titani huioni pale. Hiyo ni ya mtu mmoja anayechemsha maji, anamwagia kwenye tambi, kamaliza. Tia unga humo uanze kusonga uone, katikati pameungua pembeni bado unga mbichi, na kisufuria chenyewe kilivyo chepesi kinazunguka na mwiko mpaka jiko linalala chini.

FundiNkuhungu:
Mzee kamaliza, naongezea sababu tu. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara kumi ya titani, ndo maana kwenye titani moto unabaki pale pale ulipopiga. Stenlesi nayo hovyo upande huo, halafu nzito (samahani mama). Na watu wanadhani titani ni nyepesi kuliko alumini, wapi, vipande vya ukubwa mmoja titani ndo nzito, gramu 4.5 kwa 2.7 kila sentimita ya ujazo, ila kwa kuwa ni imara wanaitengeneza nyembamba mno ndo uzito unashuka. Mimi ningechukua alumini ile iliyotiwa ngozi ngumu, ya kijivu cheusi, haikwaruziki ovyo na nyanya haziili.

Kingine, msibebe maharage makavu. Hanang ni mita 3,420, maji yanachemka kwenye nyuzi 88 au 89 hivi, Kibo Hut, kambi ya juu Kilimanjaro, ukifika ni kama 84. Utayaona yanarukaruka kabisa na maharage yanakutazama tu.

BintiZabibu:
Mboga isiwasumbue, chukueni mlenda mkavu wa kwetu Ugogoni, kimfuko hakina uzito, maji yakichemka unanyunyizia na karanga za kusaga, dakika chache tayari. Ugali songeni jioni tu, asubuhi uji wa uwele, sufuria moja inatosha yote.

MswahiliNorway:
Niko masomoni huku, winta hesabu zinageuka kabisa maana hata maji ya kunywa unayeyusha theluji, unajaza sufuria inayeyuka unabaki na maji kiduchu, kwa kisufuria cha lita moja utakesha. Kundi linabeba lita mbili tatu, na unaanza na maji kidogo chini ndo unaongeza theluji, la sivyo kitako kinaungua na maji yote yananuka. Gesi pia, biutani tupu kwenye sifuri haitoki, tafuteni kopo lenye propani ndani na usiku mlale nalo kwenye begi la kulalia.

Mgumu_Mstaafu:
Hayo ya theluji kwetu hapana, Kilimanjaro maji yanatekwa mitoni. Ila kambi ya Barafu na Kibo hakuna maji, wagumu (wapagazi) wanayabeba kutoka chini, kwa hiyo sufuria ya kuoshwa kwa maji mengi ni adhabu. Kuni hifadhini marufuku. Hanang nako bebeni maji toka chini.

KijanaWaChamwino:
Shukrani sana. Ugali hatuachi, basi alumini. Watu wanne ukubwa gani? Na upepo je, nizungushie jiko bati?

FundiNkuhungu:
Lita tatu, yenye kitako kipana kidogo na mfuniko unaobana, mfuniko unaokoa gesi kuliko sufuria ya bei mbaya. Bati weka upande mmoja tu upepo unakotokea, ukizungushia lote kopo linapata moto na linaweza kulipuka. Na beba koleo la kushikia, sufuria zetu hazina mikono.