Naombeni ushauri: viza ya mwenza niombee Nairobi au hapa Dar es Salaam?

Binti wa Temeke
Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Temeke. Nimeolewa na mzaliwa wa Tanga ambaye sasa ni raia wa Uingereza, anaishi Leicester na anafanya kazi ghalani. Cheti chetu cha ndoa ni cha mwaka 2023. Mume wangu ana mshahara wa pauni 30,400 kwa mwaka na hati za malipo za miezi sita zipo, cheti cha Kiingereza cha ngazi ya A1 ninacho, kipimo cha kifua kikuu ndicho kilichobaki. Swali langu ni moja tu: je, maombi niyapeleke hapa Dar es Salaam au niende Nairobi? Nimeambiwa na mtu anayezifahamu kazi hizi kwamba Nairobi majibu hutoka ndani ya wiki tatu na kwamba kule hawana maswali mengi. Naomba mnijibu hilo tu, kwa kuwa mengine tumekwisha kuyapanga.

Mzee Kipara
Binti yangu, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa. Wewe unauliza Nairobi au Dar es Salaam, mimi nakuuliza kwa nini asirudi yeye. Mtu ametoka Tanga, bandari ipo, ardhi ipo, machungwa ya Muheza yanaozea barabarani, halafu anakwenda kupanga maboksi kwenye baridi na kumwita na mkewe aje kumsaidia. Sisi tulioa wanawake tukaishi nao nyumba moja, hatukuhitaji ofisa wa serikali yoyote atuthibitishie kwamba tunapendana.

Mbeba Boksi
Mzee wangu, shikamoo, lakini dada ameuliza jambo jingine. Dada, kwa viza ya mwenza kanuni za Uingereza zinamtaka mwombaji atume maombi akiwa katika nchi anayoishi, iwapo nchi hiyo ina kituo cha kupokelea maombi, na Dar es Salaam kipo. Kupanda basi na kulala Nairobi wiki mbili hakukufanyi uwe mkazi wa Kenya. Ungekuwa umeajiriwa kule, una kibali cha kazi na mkataba wa nyumba, hapo ungekuwa na hoja. Zaidi ya hayo, kituo cha viza, kiwe cha Dar es Salaam au cha Nairobi, kazi yake ni kuchukua alama za vidole, picha na nyaraka. Uamuzi wa viza za wenza unafanyika Uingereza kwenyewe, kwa hiyo huyo ofisa wa Nairobi asiye na maswali mengi simfahamu. Muda wa kawaida unaotajwa kwa maombi ya nje ya Uingereza ni wiki 12, uwe umeombea Dar es Salaam, Nairobi au Lusaka.

Mama wa Feri
Nakubaliana na Mbeba Boksi, ila naona hakuna aliyemkumbusha dada habari ya fedha. Mdogo wangu alipoomba alidhani ada ni ile moja tu, kumbe kuna na ya afya. Ada ya maombi iliyopangwa Aprili 2025 ni pauni 1,938, na ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 inafika pauni 3,105. Jumla ni pauni 5,043 kabla hujanunua hata tiketi ya ndege. Ukikataliwa, ya afya wanarudisha, ile ya maombi hairudi. Mdogo wangu aliuza kiwanja chake cha Chanika, na siku ya kupeleka alama za vidole alikuwa amepaka hina mpya mpaka kwenye ncha za vidole. Tulikaa kwenye benchi nje tukisugua kwa ndimu huku yeye analia. Alama zilisoma, namshukuru Mungu, lakini nakushauri hina iache kwanza.

Binti wa Temeke
Nashukuru wote, na shikamoo Mzee Kipara, nisamehe. Mama wa Feri, fedha tumeziweka, hilo halinisumbui. Mbeba Boksi, nimekuelewa, lakini mbona wapo watu waliokwenda Nairobi na wakafanikiwa? Mimi nimekwisha kulipa miezi miwili ya chumba Eastleigh ili niwe na anwani ya kule, na Mtanzania anaingia Kenya bila viza, kwa hiyo siwi mhalifu. Basi langu ni la Alhamisi alfajiri. Nilichotaka kujua ni kama mkataba wa chumba unatosha kuwa uthibitisho wa makazi, au niongeze barua ya mwenye nyumba.

Karani wa Zamani
Dada, nimefanya kazi ya kupokea mafaili kwa miaka mingi, si ya viza, lakini faili ni faili. Mtu mwenye nyaraka zote, mwenye ofisi umbali wa daladala moja, hasafiri usiku kwenda nchi ya pili kutafuta ofisi ileile isipokuwa ana jambo analolikimbia kwenye ofisi ya kwanza. Umewahi kuomba viza ya Uingereza hapa Dar es Salaam?

Binti wa Temeke
Ndiyo, mara moja, Juni 2022. Ilikuwa ya matembezi, nikanyimwa kwa sababu hawakuridhika kwamba ningerudi. Sikuona haja ya kulitaja kwa kuwa lile lilikuwa ombi tofauti kabisa. Aliyenishauri anasema Nairobi watafungua faili jipya.

Mbeba Boksi
Hakuna faili jipya, dada. Siku ile ya 2022 ulipoweka vidole kwenye kile kioo cha kijani, vidole vyako viliingia kwenye mfumo mmoja unaosomwa na kila anayeamua maombi ya Uingereza. Ukiviweka Nairobi, jina lako na lile ombi vitatokea pamoja. Tena fomu yenyewe inakuuliza kama umewahi kunyimwa viza, na jibu lake ni ndiyo. Lakini kunyimwa matembezi peke yake hakukuzuii kupata viza ya mwenza. Ukilitaja na kuambatisha barua ya kukataliwa, ofisa anaendelea na kazi yake.

Mchokonozi
Naomba kuwaamsha, ndugu zangu. Tumekaa hapa tunapika, na chai yenyewe imekwisha kumiminwa. Mtu ananyimwa viza ya matembezi 2022, anaolewa 2023, hana lolote la kuficha, halafu anakodi chumba Eastleigh kukimbia kosa ambalo halipo? Akaunti imefunguliwa Jumatatu, na maneno yake ya kwanza ni kututangazia kwamba Nairobi ni wiki tatu na kuna mtu anayezifahamu kazi hizi. Kesho atakuja mwingine kusema huyo mtu alimsaidia na yeye, keshokutwa tutapewa namba ya simu. Hii ni biashara ya dalali, wala hakuna binti, hakuna Temeke.

Mama wa Feri
Mchokonozi, kila mwenye shida kwako ni mzushi. Hata hivyo na mimi hiyo hesabu ya miaka imenipa wasiwasi.

Mzee Kipara
Mimi nilijua tangu mwanzo. Mke wa kweli angeamkia.

Binti wa Temeke
Mimi si dalali. Nimesoma maneno yenu nikiwa kazini na nimeshindwa kufanya kazi. Nitaeleza, kwa sababu ni bora nionekane mjinga kuliko mwongo, ingawa labda nimekuwa vyote viwili.

Nilisema cheti ni cha mwaka 2023, na ni kweli ndipo tulipokichukua, kwa sababu hatukuwa tumekifuatilia. Nikaha yenyewe tulifunga nyumbani kwa baba Mbagala tarehe 18 Desemba 2021. Cheti kiko mbele yangu: tarehe hiyo imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mhuri wa zambarau umekaa nusu juu ya jina la walii wangu. Juni 2022 nilipoomba matembezi nilikuwa mke wa mtu kwa miezi sita. Fomu sikuijaza mimi, alijaza huyo anayenisaidia, akasema mke anayekwenda kumtembelea mume ataonekana anakwenda kuhamia, kwa hiyo akaandika kwamba sijaolewa. Na kwa kuwa mume wangu ndiye aliyekuwa mwenyeji na mlipaji, ilibidi awe na uhusiano fulani na mimi. Akaandikwa kuwa ni binamu yangu.

Fundi Majumba
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa nimeshindwa kujizuia. Binamu nyama ya hamu! Pwani mabinamu wanaoana tangu enzi za majahazi, kwa hiyo mwambie ofisa kwamba 2022 alikuwa binamu, hamu ikazidi, akawa mume.

Mchokonozi
Naondoa neno langu la dalali kwa upande wa dada. Kwa upande wa huyo msaidizi nalizidisha.

Mama wa Feri
Fundi, acha utani, mwenzio anatetemeka. Ila na wewe mwanangu, nikaha ni jambo la heshima, limesimamiwa na baba yako na mashahidi, halafu unakubali liandikwe kuwa halipo kwa ajili ya kwenda kuona theluji wiki mbili? Mimi ningeumia sana kama ningekuwa mama yako. Nimekwisha kusema, sitarudia.

Karani wa Zamani
Sasa faili limefunguka. Nina swali moja la mwisho: huyu aliyejaza fomu ya 2022 na huyu anayekupeleka Nairobi ni watu wawili au ni mtu mmoja?

Binti wa Temeke
Ni mmoja. Ni shemeji wa mama yangu mkubwa, ana ofisi ndogo Kariakoo ya kujaza fomu na kutengeneza picha za pasipoti. Si mtu mbaya, alitupunguzia hata bei. Safari hii amechukua shilingi milioni moja na laki mbili, na chumba cha Eastleigh ni yeye aliyenitafutia. Ameniambia nikiulizwa kuhusu ombi la nyuma niseme sikuwahi kuomba.

Karani wa Zamani
Basi umekwisha kujijibu. Faili analolikimbia si lako peke yako, ni la kwake pia, maana yeye ndiye aliyeliandika. Wewe ndiye unayeweka vidole.

Mbeba Boksi
Dada, sikiliza kwa utulivu, kwa sababu jambo hili bado linatengenezeka, lakini si kwa njia ya Nairobi. Kosa la 2022 ni zito: kwa Waingereza udanganyifu kwenye maombi unaweza kumfungia mtu mlango hadi miaka 10. Ndoa ya kweli na raia wao ni hoja yenye uzito wake mbele ya kosa la aina hiyo, lakini ukirudia kudanganya mara ya pili utakuwa umewapa sababu ya kutilia shaka hata nikaha yenyewe. Kumbuka cheti utakachoambatisha kina tarehe ya Desemba 2021. Huhitaji mchunguzi wa kuligundua hilo, ni mtu mwenye macho tu: karatasi moja inasema mume, nyingine inasema binamu, na jina ni lilelile.

Mimi ningefanya hivi. Kwanza ningeomba nakala ya kumbukumbu zangu kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Ni haki ya kila mwombaji na haina malipo. Wewe hujui kwa hakika shemeji yenu aliandika nini kingine mle ndani, na huwezi kusahihisha usichokiona. Wakati nakala inasubiriwa, kipimo cha kifua kikuu usikifanye, kwa sababu cheti chake hudumu miezi sita tu. Kisha mumeo atafute huko aliko mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya washauri wa uhamiaji, ile iliyobadilishiwa jina Januari 2025 ikawa Immigration Advice Authority, au wakili. Mshauri atakusaidia kuandika maelezo ya wazi: nani alijaza, kwa nini ulikubali, na lini nikaha ilifungwa. Maombi yatumwe Dar es Salaam, unakoishi, yakiwa na maelezo hayo juu kabisa. Wakikataa, viza ya mwenza mara nyingi ina haki ya rufaa mahakamani, na siku zake kwa aliye nje ni 28. Rufaa ya mtu aliyesema kweli mwenyewe ina pa kuanzia.

Halafu kuna kipato. Kiwango ni pauni 29,000 tangu tarehe 11 Aprili 2024, kabla ya hapo kilikuwa 18,600. Mumeo amevuka kwa kiasi kidogo, kwa hiyo asibadilishe kazi kipindi hiki bila kumuuliza huyo mshauri, hata akiahidiwa zaidi.

Mzee Kipara
Haya ya huyu kijana ni maneno ya maana, ingawa mimi bado nasema Tanga kuna ardhi.

Binti wa Temeke
Ahsante, Mbeba Boksi. Nimeyasoma mara tatu. Kuna jambo lililobaki na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko Waingereza. Mume wangu alituma barua ya mwaliko ya 2022 na hati zake za benki, lakini fomu yenyewe hakuiona. Hajui kwamba aliandikwa binamu. Yeye anaamini nilinyimwa kwa sababu ya akaunti yangu kuwa na fedha kidogo, na mwaka mzima uliofuata alikuwa ananitumia shilingi laki mbili kila mwezi ili ijae.

Karani wa Zamani
Huyo ndiye ofisa wako wa kwanza. Mweleze yeye kabla ya basi la Alhamisi.

Binti wa Temeke
Yuko zamu ya usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za kwao. Nitampigia akishafika nyumbani. Wakati nasubiri, naomba mwenye uzoefu anijulishe: tiketi ya basi ikirudishwa siku mbili kabla ya safari wanakata kiasi gani?

Fundi Majumba
Tiketi niuzie mimi, nina kazi ya vigae Nairobi. Na chumba cha Eastleigh nitakikalia hiyo miezi miwili, nikiulizwa na mwenye nyumba nitasema mimi ni binamu.