Kwa nini Nicola Sturgeon alipendwa na kuchukiwa kwa kiasi kile?

Mkaazi wa South B anauliza:

Hamjambo wanajukwaa. Katika kikundi chetu cha mijadala hapa Nairobi tumekuwa tukizungumzia wanawake waliowahi kushika madaraka ya juu, na kila tunapomfikia Nicola Sturgeon, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Uskoti tangu Novemba 2014 hadi Machi 2023, mazungumzo hugeuka mabishano. Wapo wanaoshikilia kwamba alichukiwa kwa sababu ni mwanamke, kama vile Martha Karua alivyosemwa kuwa mkali kwa mambo ambayo mwanamume angesifiwa kuwa na msimamo. Wengine wanasema jinsia haikuhusika hata chembe. Ninachoshindwa kuelewa mimi ni jinsi kiongozi ambaye chama chake kiliongoza katika kila uchaguzi mkuu alioukabili Uskoti, alivyoweza wakati huohuo kuwa mtu ambaye wananchi wengi hawakutaka hata kulisikia jina lake. Naomba majibu ya wanaofuatilia siasa za huko, si porojo.

Wakili wa Upper Hill:

Ndugu muulizaji, tangu 2014 siasa za Uskoti hazigawanyiki kwanza kati ya matajiri na maskini, bali kati ya wanaotaka nchi hiyo ibaki ndani ya Ufalme wa Muungano na wanaotaka ijitenge. Katika kura ya maoni ya Septemba 18, 2014, iliyowatoa majumbani zaidi ya asilimia 84 ya waliojiandikisha, asilimia 55 walikataa uhuru na asilimia 45 wakaukubali. Alex Salmond, aliyekuwa Waziri Kiongozi wakati huo, akajiuzulu, na Sturgeon, naibu wake wa miaka kumi, akarithi SNP, chama kinachopigania uhuru wa Uskoti, kilichoshindwa kura lakini kilichokuwa kikifurika wanachama wapya. Kuanzia hapo, kumpenda au kumchukia kukawa ni kuirudia kura ileile.

Hesabu za 2015 zinaeleza mengi. SNP ilipata takriban nusu ya kura zilizopigwa Uskoti, na kwa nusu hiyo ikatwaa viti 56 kati ya 59 vya Uskoti kule Westminster, yaani bunge la Uingereza jijini London. Aliyekuwa upande ulioshinda aliona taifa zima limesema kwa sauti moja. Aliyekuwa katika ile nusu nyingine aliona amefutwa kwenye ramani, na uso uliotabasamu juu ya ramani hiyo ulikuwa wa Sturgeon.

Kisha kuna tukio ambalo huwa nawasimulia wanaodai kwamba jinsia inaeleza kila kitu. Mnamo Aprili 30, 2015, gazeti la The Sun lilitoka na nyuso mbili. Toleo la Uskoti lilimweka Sturgeon ukurasa wa mbele akiwa amevikwa kama binti mfalme wa filamu za vita vya anga, likawahimiza wasomaji wakipigie kura chama chake. Toleo la London likamuunga mkono David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza wa chama cha Conservative, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuizuia SNP isipate usemi katika serikali. Gazeti ni lilelile, siku ni ileile, na mwanamke ni yuleyule.

Tena, kati ya 2015 na 2017 vyama vitatu vikubwa vya Uskoti viliongozwa na wanawake: yeye, Kezia Dugdale wa Labour, na Ruth Davidson wa Conservative. Watu wengi waliomchukia Sturgeon walimshangilia Davidson, kwa kuwa Davidson aliutetea muungano.

Siwezi kusema kwamba yeye mwenyewe hakuchangia. Oktoba 2022 alitamka kwenye televisheni ya BBC kwamba anawachukia Conservative na kila wanachokisimamia. Katika nchi ambayo chama hicho kilikuwa cha pili kwa ukubwa bungeni Edinburgh, hayo si maneno ya mtu anayetafuta kupendwa na wote.

Mwalimu wa Umoja:

Wakili, umeeleza chanzo cha uadui na sina ugomvi nawe hapo. Hata hivyo, uadui hauishi hewani, hutafuta maneno ya kujieleza, na kwa mwanamke maneno hayo huwa yako tayari.

Machi 2017 Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza, alikwenda Glasgow kukutana na Sturgeon, siku mbili kabla ya Uingereza kuwasilisha rasmi barua ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walikuwa wamechagua kubaki, na Sturgeon alikuwa akidai kura nyingine ya maoni kwa sababu hiyo. Lilikuwa suala la kuvunjika au kutovunjika kwa dola. Kesho yake Daily Mail likachapa ukurasa wa mbele picha ya viongozi hao wameketi bega kwa bega, sketi zikiishia magotini, na kichwa cha habari kikatangaza kwamba tuachane na Brexit, tutazame nani ameshinda kwa miguu.

Au fikiria suala la watoto. Kwa miaka mingi waandishi walimwuliza kwa nini hana mtoto, hadi mwaka 2016 ikajulikana hadharani kwamba aliwahi kuharibikiwa na mimba. Salmond pia hakuwa na watoto, na hakuna aliyemsumbua kwa swali hilo. Sisi wa Kenya tusijifanye wageni wa mambo haya, kwani mgombea wa kike hapa huambiwa akagombee alikoolewa kabla hajaulizwa sera yake ya afya wala ya barabara.

Mkaazi wa South B:

Nawashukuru nyote wawili. Hata hivyo, nimesoma kwamba miongoni mwa waliompinga vikali kuelekea mwisho walikuwamo wapigania uhuru wenyewe, na wanawake wengi pia. Hao hawaingii vizuri katika maelezo ya Wakili wala ya Mwalimu.

Mfuatiliaji wa Ngara:

Hapo ndipo penye utamu wa habari yenyewe, na wengi hupapita mbio.

Kundi la kwanza lilikuwa la watu wa Salmond. Machi 2020 mahakama ilimwondolea Salmond mashtaka yote ya makosa ya kingono, naye akadai kwamba watu wa karibu na Sturgeon walipanga kumwangamiza. Mwaka uliofuata uchunguzi huru wa mwanasheria James Hamilton kuhusu sakata hilo ulisema Sturgeon hakukiuka kanuni za mawaziri, lakini Salmond alikuwa anaanzisha chama chake, Alba, na mtu na mwalimu wake wakawa mahasimu mbele ya taifa zima. Wapo waliopigania uhuru maisha yao yote ambao hawakumsamehe hadi leo.

Kundi la pili lilichoka kusubiri. Kila mwaka waliambiwa kura ya pili ya maoni i karibu, na London ikakataa kila mara. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba bunge la Edinburgh, ambalo ni zao la ugatuzi wa 1999, halina mamlaka ya kuitisha kura hiyo bila idhini ya Westminster. Baada ya hapo Sturgeon alisema uchaguzi mkuu ujao uchukuliwe kama kura ya maoni, jambo ambalo hata ndani ya chama chake wengi hawakulikubali. Binafsi naona hili ndilo lililomwishia pumzi, kuliko kashfa zote.

Kundi la tatu ndilo linalojibu swali lako kuhusu wanawake. Desemba 2022 bunge la Edinburgh lilipitisha, kwa kura 86 dhidi ya 39, mswada wa kumruhusu mtu kubadilisha jinsia yake kisheria bila uthibitisho wa daktari, na kuanzia umri wa miaka 16. Waziri wake mmoja, Ash Regan, alikuwa amejiuzulu kwa kuupinga. Watetezi wa haki za wanawake waligawanyika: Sturgeon, ambaye tangu ujana wake alijiita mtetezi wa wanawake, aliitwa na baadhi yao mharibifu wa haki hizohizo. Januari 2023 Alister Jack, waziri wa serikali ya London anayeshughulikia Uskoti, akauzuia. Mwezi uliofuata Sturgeon akatangaza kung'atuka.

Kwa hiyo, Mwalimu, yapo matusi ya kijinsia, lakini baadhi ya wapinzani wake wakali walikuwa wanawake wenye hoja zao, na si haki kuwaweka kapu moja na wahariri wa picha za miguu.

Mwalimu wa Umoja:

Nakubali, nao sikuwa nimewataja.

Mzee wa Kariokor:

Wanangu, mmesahau Uviko. Mwaka 2020 alisimama mbele ya wananchi karibu kila siku kueleza hali ya maambukizi, na hata waliopinga uhuru walikiri kwamba anaeleweka kuliko Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Imani hiyo ilipata ufa Januari 2024, pale uchunguzi wa umma ulipobaini kwamba hakuhifadhi jumbe zake za WhatsApp za wakati ule. Alipokuwa akitoa ushahidi Edinburgh alitokwa na machozi. Waliompenda wakaona binadamu aliyeelemewa na mzigo. Yule Alister Jack aliyetajwa hapo juu, alipofika mbele ya uchunguzi uleule siku iliyofuata, alisema Sturgeon anaweza kulia kwa jicho moja akitaka. Katika ushahidi huohuo Jack alikiri kwamba yeye mwenyewe alifuta jumbe zake zote za WhatsApp, akieleza kuwa simu yake ilikuwa imejaa.