Corolla ya 1998 inakosa nguvu mlimani: je, ni pampu ya mafuta?

Muulizaji, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nina Corolla ya 1998 yenye injini ya 5A-FE. Kwenye tambarare ya Ahero gari halina neno, lakini likianza kupanda kuelekea Kericho linakosa nguvu, linashtukashtuka nikikanyaga mafuta, na mara nyingine huzima. Nikilipumzisha kidogo linawaka vizuri. Fundi wangu anasema pampu imekufa kwa sababu hasikii mlio wake nikifungua ufunguo. Je, ninunue nyingine?

Fundi, Nakuru
Ndugu, usinunue bado. Katika Toyota nyingi za rika hilo pampu haizunguki kwa kufungua ufunguo tu, bali huanza injini inapopigwa stata, kwa hiyo ukimya huo si ushahidi. Fungua kisanduku cha vipimo kilicho chini ya boneti, unganisha matundu yenye alama FP na +B kwa kipande cha waya, kisha ufungue ufunguo. Hapo ndipo utakaposikia kama inavuma. Hata ikivuma, funga geji ya kupimia shinikizo kwenye njia ya petroli. Ukichomoa mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) kwenye regulata, yaani kidhibiti cha shinikizo la petroli, shinikizo liwe kati ya psi 38 na 44. Halafu rudisha mpira, upande mlima geji ikiwa imefungwa nje ya kioo cha mbele (usithubutu kuiingiza ndani). Ukikanyaga sana, shinikizo linapaswa kupanda; likishuka, tatizo ni petroli isiyofika ya kutosha. Likisimama imara, mshuku koili iliyo ndani ya distribyuta (sehemu inayogawa umeme wa plagi), kwa kuwa nayo huzimia ikipata joto.

Dereva, Kakamega
Pima pia umeme kwenye soketi ya pampu, chini ya kiti cha nyuma, pampu ikizunguka. Betri ikiwa na volti 12.5 huku pale ukipata 9, kasoro iko kwenye rilei (swichi ya umeme ya pampu) au waya wa athi ulioshika kutu. Tena usizoee kuendesha tangi likiwa karibu tupu, kwani petroli ndiyo inayoipoza pampu.

Muulizaji, Kisumu
Ahsanteni. Umeme ni volti 12.1. Geji ilisoma 41 gari likiwa limesimama, lakini mlimani ilishuka hadi 22.

Fundi, Nakuru
Basi ni petroli isiyofika ya kutosha. Anza na filta, kwa kuwa ni ya bei nafuu: imwage kupitia upande wa kuingilia ndani ya chombo cheupe, uone inatoa nini. Geji ikishuka tena baada ya filta mpya, badilisha pampu pamoja na chujio lake la chini, na usafishe tangi siku hiyo hiyo, la sivyo taka zitaiua pampu mpya vilevile. Kazi hiyo ifanyiwe nje, waya wa betri ukiwa umefunguliwa.